Bamba Lililobinuka

Salima shoga yangu, Haidari kaharibu kivuko cha watu!

Lile bamba jipya la chuma, la ubavuni mwa chombo. Alitaka amalize kabla ya sala ya Ijumaa, akachomelea mfululizo toka ncha hii hadi ile, chuma hakukipa hata nafasi ya kupoa. Mume wangu huyu huyu, anayewafokea wenzie wachomelee kidogo kidogo!

Limebinuka kama ungo. Kama ungo, Salima!

Fundi mkuu kaugonga mshono, akaguna. "Haidari, umeunga vizuri, mshono hauachii bamba. Hilo ndilo balaa."

Sasa anapiga nyundo kulinyoosha, wapi! Na kule ng'ambo, kila nyundo ikilia, watu wanapiga vigelegele. Wanadhani kivuko kinakaribia kuwa tayari.

Haidari kawapungia mkono.