Hukumu ya Simu Mbili Juani

Mshauri wangu mheshimiwa,

Swali linaloninyima raha ni hili: mke akiombwa na familia ya mumewe atoe hukumu, na hukumu yenyewe ikamwangukia mumewe, je, aitoe kama ilivyo, au amsitiri? Nimelitafakari kwa muda mrefu, na kila nikidhani nimefikia jibu naliona lina ufa, ndiyo maana nakuandikia kabla nyumba yangu haijapoa kabisa.

Mama mkwe wangu anauza miche kando ya barabara, ya matunda na ya maua, kwenye vifuko vyeusi, na kazi yake yote ni ya juani, na siku hizi wateja humtumia picha za majani yaliyougua wakimwuliza dawa, lakini simu yake ya zamani ilikuwa na kioo hafifu kiasi kwamba ilimlazimu kujifunika shuka gubigubi, yeye na simu, kama mtu anayejifukiza, ili asome ujumbe wa mstari mmoja tu. Mume wangu, ambaye ni mpiga picha wa harusi, akamnunulia simu mpya, na wifi yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, bila kushauriana na mdogo wake akamnunulia nyingine wiki hiyohiyo, mama akajikuta ana simu mpya mbili na watoto wawili walionuna. Kila mmoja alishikilia kwamba yake ndiyo inayoonekana juani.

"Tunagombana nini?" wifi akasema. "Si tunaye mtaalamu humu ndani? Mwenzetu analipwa mshahara kwa kuangalia."

Alinikusudia mimi. Nilisomea kemia chuo kikuu na sasa ni mkaguzi katika kiwanda cha rangi, kazi yangu ni kulinganisha vibao viwili vilivyopakwa rangi na kusema kipi kimekosea. Nilikubali, na sitaficha kwamba nilifurahi, kwa sababu katika familia ile ni mara chache kazi yangu kuchukuliwa kuwa kazi. Nikataka jambo liende kama kiwandani, ambako mwenye sampuli hasimami karibu na mkaguzi asije akamshawishi hata kwa kukohoa, basi nikawaamuru mume wangu na wifi wakae barazani, nikabaki kitaluni na mama, jua la saa sita limetukaa utosini, nikageuza ndoo nikaikalia, nikaziegemeza simu zote mbili wima kwenye vifuko vya miche ya mdimu, nikapandisha mwanga wa zote hadi mwisho, nikafungua kwenye zote picha ileile ya jani lenye madoa, nikavaa miwani yangu ya jua, ambayo mume wangu alininunulia alipoona macho yangu yanachuruzika machozi kila nitokapo maabara ya kiwandani kuingia juani, miwani ya maana, ya aina ile inayokata mng'aro wa maji na wa vioo, nami nakutajia hilo ili ujue kwamba sikuolewa na mtu mbaya, kisha nikaangalia.

Simu ya wifi ilionekana. Rangi zilipauka kidogo na ukingoni palikuwa na upinde wa mvua mwembamba, lakini jani lilikuwa jani na doa lilikuwa doa. Simu ya mume wangu ilikuwa nyeusi. Sisemi hafifu, nasema nyeusi, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mama aliinama begani kwangu. "Mbona mimi naliona jani, mwanangu?"

Wifi, ambaye masikio yake hayakukubali kukaa barazani, akapaza sauti: "Mama, kwa huyo kitinda mimba wako wewe unaona hata kisichokuwepo!"

Tukacheka. Mama naye alicheka, ila nilimwona akijifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na udongo, akaangalia tena.

Nikawaita. Nikasema ya wifi inaonekana na hii nyingine haionekani kabisa. Wifi akanipigia makofi: "Huyu ndiye hakimu! Hakumpendelea hata anayelala naye kitanda kimoja!" Mume wangu akaja, akaiokota simu yake, akailaza ubavu, akaisimamisha tena, na mimi nikahisi kana kwamba jani limemulika kisha likazimika, nikadhani ni kivuli cha mwili wake. Akaniangalia usoni kwa muda ambao haukuwa wa kawaida.

"Umeridhika, mkaguzi?"

"Nimeridhika."

"Basi imetosha."

Tangu siku hiyo simu yake imo kwenye droo ya mama pamoja na pakiti za mbegu, naye hunijibu "ndiyo", "hapana" na "chakula kizuri". Hilo ningelivumilia. Ambalo siwezi kulivumilia ni kwamba wifi amemtafutia mama nafasi kwa daktari wa macho, kwa hoja kwamba mtu anayeona picha kwenye kioo cheusi si mzima, na mama mwenyewe juzi aliniuliza, akiwa amenipa mgongo anamwagilia, kama haujafika wakati wa kufunga kitalu, maana mtu asiyejua anachokiona atawaambiaje watu dawa ya majani yao? Nilitenda haki, angalau nadhani nilitenda. Lakini vibao vya kiwandani huviangalia mara tatu, na siku ile niliangalia mara moja, wala sijui kwa nini moja ilinitosha.

Nisaidie.

Mkaguzi

JIBU

Dada mkaguzi,

Vua miwani.

Nilipomaliza barua yako nilivaa miwani yangu, ambayo ni ya aina hiyohiyo, nikatoka nje ya ofisi na simu mkononi. Nikaishika wima: naona vizuri. Nikailaza ubavu: giza tupu. Nikaisimamisha tena, ikawaka. Nilirudia hivyo mpaka mlinzi wa mlangoni akaniuliza kama natafuta mtandao.

Miwani ya namna hiyo hukata mng'aro kwa kupitisha mwanga uliokaa mwelekeo mmoja na kuuzuia uliokaa mwelekeo mwingine. Vioo vya simu nyingi navyo hutoa mwanga uliokwisha kupangwa mwelekeo mmoja, na mpangilio hutofautiana simu kwa simu. Mpangilio wa kioo usipoafikiana na wa miwani, utaona weusi hata kama simu inawaka kama taa ya gari. Ule mmuliko uliouona mumeo alipoilaza simu haukuwa kivuli chake. Lilikuwa ni lile jani.

Nakuhurumia, kwa sababu ulipewa kazi ambayo mkamwana hapaswi kupewa. Lakini sitakuacha hivihivi. Ungevaa miwani hiyo kiwandani mbele ya vibao vyako? Usingethubutu. Ulihamisha kutoka kazini ile sheria ya kuwafukuza wenye sampuli, ukaiacha ile ya kuangalia kwa macho matupu. Ukabakiwa na shahidi mmoja tu, ambaye alikuwa akiona sawasawa, na alipotoa ushahidi ukacheka pamoja na wengine.

Umeniuliza kati ya haki na mume uchague nini. Swali ni zuri, lakini si lako, kwa sababu siku ile haki haikuwepo pale kitaluni. Unauliza pia kwa nini mara moja ilikutosha. Nitakueleza ninavyoshuku, nawe unipinge ukiona nimekosea: weusi ule ulikupa nafasi ya kuonekana huna upendeleo, ndiyo maana hukuuhoji. Ingekuwa simu ya wifi ndiyo nyeusi, naamini ungeangalia mara tatu. Mtu anayeogopa mno kupendelea anaweza kuonea vilevile, tena bila kujisikia vibaya.

Sasa fanya hivi. Usianze na mumeo, anza na mama, na uanze leo, maana yeye ndiye anayetaka kufunga kitalu. Mwambie kwa maneno haya: "Mama, uliliona jani kwa sababu jani lilikuwepo. Asiyeona ni mimi." Mwambie mbele ya wifi na mbele ya mumeo, mahali palepale ulipotoa hukumu, kwa sauti ileile. Mpe miwani aivae aone kioo kikizimika na kuwaka, asije akadhani unamfariji. Kwa daktari wa macho aende akipenda, kupima macho hakujamdhuru mtu, lakini aende kama mama mtu mzima anayejijali, si kama mtu aliyeona kisichokuwepo.

Simu itoke kwenye droo. Zilinganishwe upya, bila miwani, na anayezishika awe mama, kwa viganja vyake vyenye udongo, akiwa amesimama kati ya miche kama anavyosimama siku zote, si juu ya ndoo yako. Aziache juani kwa muda kisha aziangalie tena, kwa sababu zipo simu zinazoonekana vizuri mwanzoni, zikipata joto zinajipunguzia mwanga zenyewe. Kisha achague yeye. Wewe ukae barazani. Huenda ya wifi ikashinda tena, na ikishinda, pokea, usijaribu kumlipa mumeo fadhila kwa hukumu ya pili.

Limebaki jambo moja ambalo nimelizungusha bila kulipatia jibu. Mumeo ni mpiga picha. Watu wa kazi hiyo hufunga mbele ya lenzi kioo cha namna ileile ya miwani yako, ili kuondoa mng'aro kwenye maji na kwenye vioo vya magari. Ni yeye aliyekuchagulia miwani. Na mtu hailazi simu ubavu mbele ya mkewe aliyevaa miwani hiyo, kisha akamtazama usoni, kwa bahati tu. Naamini alijua kabla hujasema umeridhika, na neno moja lingemwokoa. Kwa nini hakulisema? Pengine hakutaka kumwaibisha mkaguzi mbele ya dada yake siku aliyopigiwa makofi. Pengine alikasirika, akataka uligundue mwenyewe. Kama ni hilo la pili, naye ana la kujibu, maana kimya chake kimemfikisha mama yake mahali pa kuyatilia shaka macho yake.

Namna ya kumsogelea inategemea ni lipi kati ya hayo mawili, nami siwezi kukuambia. Nilichonacho kuhusu uso wake siku ile ni maelezo ya shahidi mmoja, na shahidi huyo alikuwa amevaa miwani.