Wimbo wa Tatu wa Bonasi

(Kutoka kwenye daftari langu la mwaka 1999. Nimenakili kama nilivyoandika, hata pale ninapojiaibisha.)

Gisenyi, Jumamosi, saa kumi na mbili jioni na ushei. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa halionekani kabisa kutoka hapa Nengo. Shangazi yuko jikoni anabamiza sufuria. Mimi nimejifungia chumbani na sina wa kumlaumu.

Leo nimesema uongo.

Sizungumzii uongo wa kusema nimeshakula wakati sijala. Nimesema uongo ambao watu wa hapa hawausemi hata kwa mzaha.

Nianze mwanzo, maana nikirukaruka nitajitetea. Mwezi uliopita Patrick, mtoto wa Shangazi anayesoma Kampala, alikuja likizo na mashine ya michezo ya video, kaifunga ndani ya blanketi kama kichanga. Diski anayo moja tu. Ndani yake kuna panzi anayetembea juu ya mstari huku muziki ukipiga. Mdundo mzito ni jiwe, mdundo mwepesi ni shimo. Ukibonyeza kitufe sawasawa na mdundo, panzi anaruka. Ukichelewa kidogo anaanguka chali, miguu inapigapiga hewani, na sebule nzima inakucheka.

Nyimbo nane za kawaida nilizipita kabla ya mtu yeyote. Majirani walikuwa wanakuja kusimama dirishani kunitazama. Mimi, ambaye shuleni sijawahi kuitwa mbele kwa jambo lolote jema, nikawa na jina mtaani. Nakiri nililipenda mno jina hilo.

Kisha Patrick akatuambia kuna nyimbo tatu za bonasi zilizofichwa. Ukizicheza zote nane mfululizo bila panzi kuanguka hata mara moja, unafunguliwa ya kwanza. Ukiimaliza hiyo, ya pili, halafu ya tatu. Wiki tatu nilijaribu. Nilikuwa nafika wimbo wa saba, mara nyingine wa nane, kisha panzi chali.

Sasa Furaha. Furaha ni binti wa mama mdogo, wanakaa Goma, upande wa Kongo, na karibu kila siku anavuka mpaka pale Petite Barrière na mzigo wa mama yake, kisha anapita hapa kupumzika. Ana miaka kumi na saba, mimi kumi na tisa, kwa hiyo ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Siku ya kwanza hakujua hata kushika manette, kile kidude cha vitufe. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimpa hata siri yangu.

Siri yenyewe ni hii. Baba yangu ni mvuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, kule Nyamyumba. Wavuvi wanapiga kasia wakiimba, na kiongozi anapovuta pumzi wimbo unakatika, lakini makasia hayasimami. Nilipokuwa mdogo nilikaa ufukweni nikigonga kisigino mchangani ili nisiwapoteze pale wanaponyamaza. Nikamwambia Furaha: usitegemee ngoma, ngoma inaweza kukuacha. Gonga kisigino.

Akagonga kisigino. Jumatatu hii akazipita zote nane bila kuanguka.

Watu walipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akaamka na kulia. Patrick, ambaye huwa hasifii mtu, alisema, "Huyu ana kipaji." Kwangu hajawahi kusema hivyo. Kwangu alikuwa anasema, "Umejitahidi." Furaha akafunguliwa bonasi ya kwanza, akaimaliza siku hiyo hiyo. Jumatano akaimaliza ya pili. Mara zote mbili, skrini ilipotaka jina la mshindi, niliinuka nikaenda jikoni kuchagua maharage. Yalikuwa yameshachaguliwa. Niliyachagua tena.

Tangu hapo sikuugusa ukurasa wa majina. Sikutaka kuliona jina lake limeandikwa pale ambapo lingekuwa langu.

Wivu unachosha, hilo nimejifunza wiki hii. Nilianza kuchukia hata anavyocheka, hata anavyokunja kitambaa chake cha kichwa vizuri vizuri kabla ya kuanza kucheza. Nilimpa chai isiyo na sukari nikasema imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, kwa sababu kesho alfajiri Patrick anarudi Kampala na mashine yake. Furaha alifika mapema, kalowa, akaanza bonasi ya tatu. Tulikuwa sisi wawili tu. Patrick alikwenda kushika nafasi kwenye basi, Shangazi alikuwa sokoni na sambaza zake.

Wimbo wa tatu ni mgumu kwa namna ya peke yake. Katikati ngoma inanyamaza kabisa, muda mrefu, lakini mawe na mashimo yanaendelea kuja. Furaha alianguka hapo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila alipoanguka mimi nilifurahi, na niliogopa asigeuke akauona uso wangu. Mara ya tano alibakiza mawe mawili. Nikaona kabisa kwamba mara ya sita atapita.

Nikatoka barazani. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikarudi ndani nikasema watu wanaopita njiani wanasema leo barrière inafungwa saa tisa.

Ilikuwa saa nane na robo.

Asiyeishi hapa hawezi kuelewa. Mwaka jana mama mdogo alikwama upande huu siku tatu, na mtoto anayenyonya yuko upande ule. Alikuwa anakamua maziwa kwenye beseni letu huku akilia. Ndiyo maana mtu akisema barrière inafungwa, huulizi mara mbili. Unakimbia.

Furaha aliweka manette chini. Uso ulimbadilika.

"Kweli, yaya? Mama iko ananingojea! Bon, mi naenda." Mlangoni aligeuka, viatu mkononi. "Ule wimbo wa tatu, we umalize."

Nilidhani ananidhihaki. Nililisikia hivyo kwa sababu nilitaka kulisikia hivyo.

Akaenda. Nikakaa mahali pake, kiti bado kina joto. Nilianguka mara mbili. Mara ya tatu ngoma iliponyamaza nilifumba macho, nikagonga kisigino kwenye sementi, na vidole vikafuata. Nilipofumbua, panzi alikuwa amefika mwisho wa mstari anapunga mkono.

Kisha mashine ikaucheza wimbo mzima kama zawadi, sauti za wanawake wasio na maneno na makofi, na ule ukimya katikati. Ni wimbo mzuri. Ungekuwa mbaya ningepata nafuu. Niliusikiliza peke yangu, dirishani hakuna mtu, mvua tu.

Halafu ukafunguka ukurasa wa majina.

Bonasi ya kwanza: ESPE. Bonasi ya pili: ESPE. Bonasi ya tatu ilikuwa tupu, na herufi A inawaka na kuzimika ikingoja.

Espé ni mimi.

Kwanza nilidhani mashine imekosea. Nikakumbuka kisigino. Mara mbili alishinda, na mara mbili aliandika jina la aliyemfundisha, wakati mwenye jina yuko jikoni anachagua maharage yaliyochaguliwa.

Sikuandika chochote. Nilikaa nikiitazama ile herufi mpaka Patrick akaja, akachomoa waya, akaifunga mashine ndani ya blanketi. Aliniuliza kama tulimaliza. Nilisema ndiyo. Hakuuliza nani.

Ningependa kuishia hapo, lakini Shangazi alirudi saa kumi, kalowa mpaka sketi, ana hasira. Shangazi kakulia Bukoba na hasira yake inakuja kwa Kiswahili safi.

"Soko zima limekimbia! Nimekimbia na beseni kichwani kama mwizi, kuwawahi wateja wa Goma wasivuke na deni langu, nusu ya sambaza zimebaki barabarani! Tunafika, barrière iko wazi, askari wanatushangaa!"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Furaha hakukimbia peke yake. Aliwaambia wote aliowakuta njiani, kama mtu yeyote mwenye moyo angefanya, nao wakaambiana. Wanawake walifunga nyanya zao wakabeba watoto wakakimbia. Walipokuta wamedanganywa walimgeukia yeye. Walimwita mwongo, mmoja akamvuta kitambaa cha kichwa.

"Nikamuuliza mbele ya wote," Shangazi akaendelea, "mwanangu, umesikia wapi? Akanyamaza tu. Akavuka analia."

Akanyamaza. Furaha, ambaye hawezi kunyamaza dakika mbili, alinyamaza mbele ya soko zima. Jina langu lilikuwa mdomoni mwake na hakulitoa.

Nilimwambia Shangazi ni mimi. Nilisema haraka, kabla sijapata muda wa kujitetea. Akaingia jikoni na hajatoka tangu hapo. Ni sufuria tu.

Kesho barrière itafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye mstari. Nitapita katikati ya wale wanawake, nao nitawaambia. Mashine itakuwa njiani kwenda Kampala, na wimbo wa tatu hauko mahali pengine popote isipokuwa kwenye viganja na kisigino changu. Nitakaa chini kwa mama mdogo nimpigie Furaha wimbo wote kwa makofi, pamoja na pale panaponyamaza.

Lakini kabla ya wimbo nitamwambia kwamba barrière haikuwa inafungwa. Anajua. Nitamwambia hivyo hivyo.