Kwa Mama Upepo, Aliyerudi Nyasini Kumchukua Bibi

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofunga kamba za buti zako pale mlangoni, ukatuaga, ukaenda kazini usirudi.

Kituoni walikuita Mama Upepo. Kwa miaka kumi na tisa ya uaskari wa wanyamapori, hukupiga hatua porini kabla ya kutikisa soksi yako ya majivu uone upepo unaelekea wapi. Hata kwenye harusi ya baba mdogo uliitikisa ndipo ukachagua viti. Baba akasema alidhani ameoa askari, kumbe kaoa mtabiri wa hali ya hewa. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta.

Ulitufundisha habari za wanyama kama watoto wengine wanavyofundishwa kuvuka barabara. Tembo mpishe, njia ni yake. Kiboko usimzibie njia ya kurudi majini. Simba akikutazama, nawe mtazame, urudi kinyumenyume. Ukimpa mgongo umekuwa kitoweo. Majirani walikuja kukuuliza hata habari za nyoka aliyeingia bafuni, na hukumcheka mtu kwa woga wake.

Asubuhi ile Baba hakutaka uende. Goti lako lilikuwa limevimba, akakusihi upumzike. Ukasema zamu ni yako, mkabishana. Ulipoaga, aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua uso. Ulisema tu, "Haya, tutaonana." Kwa hilo amejilaumu mwaka mzima, Mama.

Siku hiyo mlikuwa mnawalinda wanawake tisa waliopewa kibali cha kukata nyasi za kuezekea ndani ya hifadhi. Askari mwenzako aliyeendesha gari ndiye aliyetusimulia. Uliona damu mbichi kwenye majani, ukajua kuna mnyama aliyejeruhiwa karibu. Ukawaambia waache mizigo yao, warudi garini taratibu, mtu asikimbie. Walipofika ukawahesabu. Wanane. Bibi mmoja, mzito wa masikio, alikuwa bado ameinama kule nyasini, hana habari.

Mwenzako alitaka kupiga honi. Ukamzuia.

"Huyu honi haisikii," ulimwambia. "Lazima aguswe bega."

Ukamfuata kwa miguu, na goti lile lile. Ulikuwa umeshamshika mkono mnarudi, nyati akatoka kichakani, mguu wake umekatwa na mtego wa waya, kichaa kwa maumivu. Ulimsukuma bibi nyuma ya kichuguu, ukafyatua risasi moja. Haikumzuia. Mwenzako alimwangusha nyati kwa bunduki yake, lakini alikuwa amechelewa. Wanawake wote tisa walirudi makwao wazima. Wewe waliturudishia umefunikwa turubai.

Tangu mazishi, bibi yule alikuja kila wiki akaketi kwenye ngazi ya mlango wetu. Baba akimwona dirishani aliingia chumba cha nyuma, nasi tukasema hayupo. Hakuwa na chuki, Mama. Hakuwa na nguvu ya kumtazama.

Mwezi wa saba baada ya mazishi, Baba akafungua mlango mwenyewe. Bibi akainua macho, akasema, "Mwanangu, laiti ningekufa mimi."

Baba akamjibu, na kwa kuwa bibi hasikii vizuri, ikambidi apaze sauti, nyumba nzima tukasikia: "Hata mimi nilitamani hivyo, Bibi. Nisamehe."

Bibi akamshika mikono yote miwili. Walilia pale mlangoni, sisi tukalia jikoni. Baadaye Baba alimtolea kiti, akamkaribisha ndani, akamwomba amweleze ulivyokuwa umemshika mkono. Akaeleza. Akaombwa tena, akaeleza tena.

Hatutasema kwamba tumezoea, kwa sababu hatujazoea. Kitindamimba wako bado hukuita akiamka, halafu hunyamaza ghafla.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani, na sisi wanao watatu, dada yako muuguzi, mama mkwe wako, aliyekuita mwanangu tangu siku ya kwanza, shemeji zako, askari wenzako wote wa kituo, na bibi, ambaye sasa akija haketi tena nje.

Kukusahau hatujui, Mama. Tutakukumbuka siku zetu zote.