Mwanamke wa Kwenye Simu Yako

Mpendwa mume wangu Mutua,

Bado naandika "mume wangu" polepole ili nilionje neno lenyewe. Tangu uende Machakos kupaka rangi ile hoteli mpya, chumba chetu cha Kibera kimekuwa kikubwa ghafla, na mto wako naulalia mimi.

Unakumbuka ulivyonipata? Mama Njoki alikuita Kawangware uchore ukuta wa saluni yake ninakosukia watu, ukasema huwezi kuchora uso usiouona. Ukanikalisha kando ya barabara, kitana bado mkononi. Kila uliponiangalia nilisahau kupumua. Wanawake waliokuwa wakisukwa wakatoka na nywele nusu nusu kuja kusimamia kazi. "Fundi, unachora ama unaposa?" mmoja akakuuliza. Ukajibu bila kugeuka, "Yote mawili, mathe." Na picha ilipokwisha, ukawa unarudi tena na tena eti kurekebisha sikio.

Ndiyo maana ile jioni uliponionyesha simu niliumia kuliko nilivyosema. Mwenye hoteli alitaka mwanamke ukutani, nawe ukaiomba akili bandia ikuchoree mmoja mrembo, aliyesukwa. Akatokea kabla chai haijapoa. Hukutaja jina langu. Ukamkuza, ukamsogeza, ukatabasamu. "Huyu hachoki kukaa," ulisema. Mutua wangu, mimi nilichoka lini?

Najua vinyozi na wenye vibanda siku hizi wanakuja na picha tayari, wakitaka uzinakili tu. Wengine wanachapisha bango na kukupita. Labda kesho kuchora hakutahitaji mkono kabisa. Kazi ni kazi, sikukatazi. Lakini yule mwanamke nimemwonea wivu mpaka nimemkagua nywele. Mteja mmoja wa Riruta alikuja na picha kama hiyo akitaka asukwe vile vile. Nikaufuata mstari mmoja wa nywele kwenye picha ile, ukapita nyuma ya sikio na kupotea. Hakuna aliyewahi kumsuka yule. Hajawahi kutoa chozi akivutwa nywele. Na bado alipata tabasamu lako.

Sasa Mama Njoki naye anataka ukuta wake uchorwe upya. Nilimwomba auache, akacheka, akasema wateja wanapenda kitu kipya, na uso wa kuchora ataamua fundi mwenyewe. Jana uliponipigia ulisema utaianza kazi hiyo ukirudi. Hukusema utamchora nani, nami niliogopa kuuliza.

Basi nakuuliza hapa, mbele ya watu wote watakaoisoma barua hii. Leo asubuhi nimesimama nikautazama ukuta ule, na yule msichana niliyekuwa uliponichora simlilii tena. Mfute. Alikuwa hajakujua. Hajui kuamka na kukuta umemfunika miguu. Hajui kusikia hatua zako mlangoni na kuacha sufuria iungue. Uso nilio nao sasa haumo kwenye ukuta wala kwenye simu yoyote duniani, kwa sababu umeuweka wewe mwenyewe, juzi juzi tu, tangu uniite mke.

Njoo uuone kwanza. Kisha amua.

Wako mwenye wivu na furaha,
Mkeo