Mbinguni Hakuna Kichaka cha Kumpishia Mama Mkwe

Matsangoni, Februari 1911

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Pasaka haijafika, maana ikifika mimi nimekwisha. Mimi ni Ngala, mwaka wa pili huu niko katika darasa la ubatizo, nimeacha kunywa tembo, nimeacha hirizi, na mwalimu Lewa alipotufundisha kwamba wokovu ni wa mataifa yote, na kwamba siku ya mwisho watu wa kila kabila watakusanyika mahali pamoja mbele ya Mungu, mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti kuliko wote, hata Wamasai walioteka ng'ombe wa babu yangu niliwakubalia waingie, nikarudi nyumbani na furaha, kumbe Jumapili iliyofuata nani anaingia darasani na kigoda chake na kopo lake la ugoro, ni Mama Kanze, mamake mke wangu.

Sasa mshauri, unaijua desturi yetu sisi Wagiriama, mama mkwe hatazamwi usoni, huli naye chombo kimoja, ukikutana naye njiani unaingia kichakani mpaka apite, nami miaka tisa nimeingia vichakani bila kukosa hata siku moja, miguu yangu imejaa miiba ya heshima. Siku ile nilitoka nje kupitia dirishani, na tangu hapo nasomea nje chini ya ukuta, mvua yangu, jua langu. Duniani vichaka viko, lakini nilipomwuliza mwalimu kama na huko mbinguni viko, akasema Kitabu hakisemi, basi je, nitasimama milele nimegeuza uso, na kile kikombe kimoja cha Bwana nitakinywaje baada yake?

Ndipo nilipokosa, naungama. Nilimtuma mke wangu, aliyebatizwa zamani, amwambie mamake kwamba mbinguni ugoro ni marufuku, nikidhani atajitoa darasani, naye akajibu, "Mwambieni mkwe wangu nitauacha mlangoni." Hapo hila zikaniishia. Nifanyeje, nimwombe mwalimu watu wote waokolewe lakini kwa zamu, ama nijitoe mimi nirudie tembo langu?

Ni mimi Ngala, nje ya dirisha.

*

Ngala, pole kwa miiba. Pole yangu inaishia hapo.

Umewasamehe Wamasai, watu usiowajua, walio mbali na wasio na habari na msamaha wako. Hilo ni jepesi, hata mimi nawapenda sana watu wa mbali. Mataifa yote, bwana, yanaanzia mlangoni kwa mkeo. Na kuhusu kikombe, ulipokuwa ukinywa tembo kwa kata moja na kijiji kizima sikusikia ukiuliza nani amenywa kabla yako. Halafu ukajifanya bawabu wa nyumba ambayo wewe mwenyewe hujaingia, ukamfukuza mwenzako kwa uongo wa ugoro. Aibu.

Mwezi uliopita nilipata barua nyingine kutoka huko huko Matsangoni. Mwenyewe hajui kusoma wala kuandika, ameandikiwa na Abdurahman mwenye duka. Hakuomba siri, aliomba jibu. Anasema ana mkwe mwenye adabu kuliko wakwe wote, ananyeshewa nje ya ukuta kwa ajili yake, naye inamuuma. Kisha anauliza: "Kama mlango wa Mungu hautupitishi sote wawili bila kumvunjia mkwe wangu heshima, basi aingie yeye, mimi nibaki nje?" Abdurahman, ambaye ni Mwislamu na hana lake katika jambo hili, ameongeza chini kwamba mama huyu asiachwe nje, maana tangu afungue duka hajapata kusikia mama mkwe akimsifu mkwe.

Soma tena hapo, Ngala. Wewe ulitunga uongo ili asiingie, yeye alikuwa tayari kubaki nje ili wewe uingie.

Fanya hivi. Leo hii mtume mkeo akamwambie mamake kwamba habari ya ugoro ilikuwa uongo, na uongo huo ni wako, si wa mbinguni, na kwamba unaomba radhi. Jumapili ingia kwa mlango kama watu. Mkeo akae kati yenu, awe ndiye kichaka chako. Usoni usimtazame kama hutaki, tazama mbele, ndiko anakosimama mwalimu. Na siku ya Pasaka, Lewa akiita majina, mpishe mama mkwe wako atangulie, kama ulivyozoea miaka tisa. Ila safari hii, ukishampisha, mfuate.