Moto wa Njano

Shemeji Luhende,

Huku tupo, mvua ndiyo imechelewa. Lile friji la gesi kwenye trela alimokuwa analala kaka yako, kambini Katavi, limepona. Ulimwambia kwenye simu tatizo si betri. Moto wa friji ukiwa wa njano unatoa hewa ya sumu; azime, afungue madirisha. Akacheka, eti wa njano unapendeza. Na kwa vile alikuwa analinda usiku, ili mbung'o wasimsumbue akilala mchana, akaziba matundu yote ya hewa kwa kitenge changu.

Hakuamka. Tumemzika Magamba; simu yako haikupatikana.

Fundi alitoa kitenge, moto ukawa wa bluu, sasa barafu inaganda. Walinzi wenzake kaka yako wameniletea kitenge kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Nani aliwatuma wakifue? Kinanuka sabuni tu.

Nyanzala, mke wa kaka yako