Namba niliyomsomea dada

Mwenzangu, leo nimefika dukani kwa dada, tunaposhona nguo, nikakuta barua pepe zote za wateja, ambazo huwa nazijibu mimi, zimeshajibiwa. Mimi ndiyo kwanza navua viatu.

Jana alinipigia, "Mdogo wangu, nisomee namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako." Nikamsomea. Yaani nilimsomea mwenyewe. Kumbe anaunganisha barua pepe ya duka, iliyosajiliwa kwa namba yangu, na programu inayowajibu wateja yenyewe.

Leo nikamuuliza, na mimi je? Akacheka. "Wewe hata shule ya msingi hukumaliza. Kashike pasi."

Mbele ya mafundi cherehani wote. Kashike pasi.

Nimeishika. Ila sijawahi kumwambia mtu hili: kuandika nilijifunzia humo humo dukani, kwa kuwajibu wateja, na nikaanza kujiona mtu.